Surua ya Mtoto na Maana ya Kumtegemea Mungu



Tuseme mtoto wako wa miaka miwili amekuwa na homa kali kwa siku tatu. Anakohoa, kamasi zinamtoka, macho yamekuwa mekundu na hayataki mwanga. Leo asubuhi umeona vipele vidogo nyuma ya masikio na juu ya paji la uso. Kabla hujamfunika kanga ukatoka naye, nyumba imekwisha jaa wenye shauri. Bibi yake asema hii ni surua, na surua haipelekwi hospitali, kwani sindano itavirudisha vipele ndani, navyo vitamwua. Shangazi ataka aitwe mtu wa kuandika kombe. Jirani aliyesoma chuoni asema kila jambo limekwisha andikwa, na kumkimbiza mtoto kwa daktari ni upungufu wa imani. Nawe, ambaye pengine umeingia katika Islam mwaka huu tu, au ungali ukiichunguza kwa mbali, wasimama katikati hujui dini yakutaka ufanye nini.

Jambo hili si dogo. Surua, ambayo wengine huiita shurua au ukambi, si ugonjwa wa kila mtoto kupita na kusahau. Inakadiriwa kwamba kabla ya chanjo yake kuanza kutumika mwaka 1963, na kuenea baadaye, iliua yapata watu milioni 2.6 duniani kila mwaka. Hata mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba watu 107,500 walikufa kwayo, wengi wao wakiwa watoto ambao hawajatimiza miaka mitano.

Nataka tuyapime maneno ya watu hao watatu kwa mizani ya Islam. Lakini mtoto mgonjwa hangoji hoja ziishe, kwa hiyo jibu nalitanguliza: mpeleke zahanati leo hii. Ukifika, usimkalishe kwanza kwenye benchi pamoja na watoto wengine. Mwache nje kidogo na mtu mwingine, uingie umwambie muuguzi kwamba unashuku surua. Yeye ndiye atakayejua kama ni surua kweli, au tetekuwanga, au vipele vya namna nyingine. Wewe hukulazimishwa kuwa na yakini ndipo uende. Shaka peke yake yatosha.

Sasa tuanze na jirani, kwa sababu maneno yake yamevaa vazi la dini, na maneno ya namna hiyo ndiyo humshinda haraka mtu aliye mgeni katika dini.

Yapata mwaka 639, Hadhrat Umar (r.a.), Khalifa wa pili, alisafiri kutoka Madina kwenda Sham. Alipofika mahali paitwapo Sargh, majemadari wake, akiwamo Hadhrat Abu Ubaida (r.a.), walimpokea kwa habari kwamba tauni imezuka huko mbele. Akafanya shauri na Muhajirina, kisha na Ansari, kisha na wazee wa Kikureshi. Rai zikatofautiana, na mwishowe akaamua kurudi. Abu Ubaida akamwuliza kama anaikimbia kadari ya Mwenyezi Mungu. Hadhrat Umar akajibu, kwa maana yake, kwamba ndiyo, anaikimbia kadari ya Mungu kuiendea kadari ya Mungu. Kisha akampigia mfano wa mtu mwenye ngamia aliyeshuka bondeni lenye pande mbili, upande mmoja una majani na wa pili ni mkavu: apeleke ngamia wake upande wowote, je, si kwa kadari ya Mungu? Ndipo akaja Hadhrat Abdurrahman bin Auf (r.a.), ambaye hakuwapo wakati wa shauri, akaeleza kwamba alimsikia Mtume Mtukufu (s.a.w.) akiwakataza watu kuingia nchi iliyopatwa na tauni, na akiwakataza walio ndani yake kutoka kwa kuikimbia. Habari hii imo katika Bukhari na katika Muslim.

Basi jirani akisema kwamba kifo kimeandikwa, mwambie kwamba na dawa imeandikwa, na zahanati imeandikwa, na miguu uliyopewa ya kuendea huko imeandikwa pia. Hadhrat Umar hakuwa mtu wa imani haba. Alikuwa na jeshi, alikuwa na ukhalifa, na waliompinga walikuwa masahaba wakubwa. Hata hivyo aligeuza ngamia wake. Mabedui walipomwuliza Mtume (s.a.w.) kama watafute tiba, aliwaamuru waitafute, akaeleza kwamba Mungu hakuweka ugonjwa bila kuuwekea dawa, ila uzee. Na yule aliyetaka kumwacha ngamia wake bila kamba kwa madai ya kumtegemea Mungu, alifundishwa amfunge kwanza.

Labda jirani, kama amesoma kidogo, atajibu kwamba Mtume mwenyewe amesema hakuna kuambukiza. Ni kweli, maneno ya maana hiyo yamo katika Hadithi. Lakini katika vitabu vile vile imo pia amri kwamba mwenye ngamia wagonjwa asiwalete penye ngamia wazima. Mtu akishika Hadithi moja akaiacha ya pili, huyo hafuati Hadithi, bali afuata anayoyapenda. Zote mbili zaafikiana ukizisoma pamoja. Waarabu wa zama za ujahili waliuona ugonjwa kama kitu chenye nguvu ya nafsi yake, kirukacho kwa hiari yake bila Mungu. Bedui mmoja alipotaja ngamia mwenye upele aingiaye kundini na kuwapa wenziwe, Mtume (s.a.w.) alimwuliza ni nani basi aliyemwambukiza wa kwanza. Kwa swali hilo alivunja itikadi ya ugonjwa kuwa mungu mdogo. Hakuvunja sababu ambazo Mwenyezi Mungu ameziweka, kwani lau angezivunja, amri ya kuwatenga ngamia wagonjwa ingekuwa haina kazi.

Na sababu hizo zimechunguzwa mpaka zikajulikana hesabu yake. Mwaka 1846 surua iliingia katika Visiwa vya Faroe, mbali kaskazini katika bahari ya Atlantiki, ambako ilikuwa haijaonekana tangu mwaka 1781. Miongoni mwa wakazi wasiofika 8,000, zaidi ya 6,000 waliugua. Daktari kijana wa Denmark, Peter Ludwig Panum, alitembea kijiji kwa kijiji akiandika nani aliugua siku gani na alikutana na nani. Akaona kwamba tangu mtu akutane na mgonjwa mpaka vipele vitoke ni kama siku 14. Akaona vile vile kwamba wazee waliougua surua mwaka 1781, miaka 65 nyuma, haikuwagusa tena. Mambo haya hayakwenda ovyo. Yana kanuni, na mwenye kuweka kanuni ni Mungu mmoja yule yule anayemwamini jirani yako.

Kwa kanuni hiyo twajua leo kwamba mwenye surua huwaambukiza wengine tangu siku nne kabla ya vipele hadi siku nne baada ya kutoka kwake, na kwamba virusi vyake vyaweza kukaa hewani hata saa mbili baada ya mgonjwa kuondoka chumbani. Kati ya watu kumi wasio na kinga walio karibu naye, tisa wataambukizwa. Basi siku hizo usimpeleke mtoto msikitini, wala madrasa, wala arusini, wala usimbebe kwenda kumwamkia babu. Kumbuka kwamba agizo la tauni lina pande mbili: mzima asiingie, na aliye ndani asitoke. Upande wa kwanza wakulinda wewe. Wa pili wawalinda watoto wa watu wengine, nao ndio mgumu zaidi, kwani hauna faida ya karibu kwa mwenye kuutimiza.

Tuje kwa shangazi na kombe lake. Kumwombea mgonjwa ni Sunna, Mtume (s.a.w.) aliwaombea wagonjwa, akaweka mkono wake juu yao. Omba sana, ndugu yangu, mchana na usiku, tena kwa lugha yako uliyozaliwa nayo. Lakini kuandika maneno kwa zafarani sahanini, kuyaosha kwa maji na kumnywesha mtoto, au kumfunga hirizi shingoni, huko si kuomba. Imepokewa katika Musnad ya Imam Ahmad kwamba watu kumi walikuja kwa Mtume (s.a.w.) kutoa baiati, akapokea ya tisa na kumzuia mmoja, kwa kuwa alikuwa amevaa hirizi, alipoikata ndipo akampokea. Wewe uliyesilimu kutoka katika mila za waganga wafahamu vizuri zaidi yangu jinsi mtu anavyoweza kubadili jina la hirizi na kuuacha moyo wake palepale ulipokuwa. Yako na madhara ya wazi zaidi. Mtoto mwenye surua huwa na vidonda mdomoni na mara nyingi huharisha. Maji yasiyochemshwa humzidishia. Na mwandishi wa kombe, nimewaona wengi, husema rudini baada ya siku tatu. Siku tatu kwa mtoto ambaye mapafu yake yameanza kushikwa ni nyingi mno.

Sasa bibi. Hapa nakusihi uende kwa adabu, kwani Uislamu wako hautaonekana kwa hoja uliyomshinda mzee wako. Bibi hasemi kwa ubaya. Pengine aliwahi kuona mtoto aliyecheleweshwa nyumbani wiki nzima, akapelekwa hospitali akiwa hoi, akachomwa sindano, akafa jioni. Macho yake yaliona sindano, kisha yakaona kifo. Hakuna aliyemweleza kwamba kilichoua ni ile wiki. Mwamkie, mpe shikamoo yake, mwambie wamhitaji afuatane nawe zahanati, amshike mjukuu wake njiani. Bibi aliyeombwa kufuatana huwa mara chache sana akakataa.

Na njiani mweleze taratibu. Vipele vya surua si sumu itafutayo mlango wa kutokea, hata ikizuiwa irudi tumboni. Virusi vimekwisha enea mwilini siku nyingi kabla. Vipele ni alama ya mwili kupigana navyo. Vitatoka, kuanzia usoni vikishuka kifuani mpaka miguuni, apewe dawa asipewe. Penye ngozi nyeusi huenda wekundu usionekane wazi. Pitisha kiganja utahisi ukwaruzo, na baadaye ngozi hubambuka kama pumba. Kinachoua ni yale yanayofuata nyuma ya surua: nimonia, kuharisha kunakoukausha mwili, na mara chache uvimbe wa ubongo. Hayo ndiyo ambayo hospitali hupigana nayo.

Wala bibi hakukosea yote. Kumtenga mtoto na kumlaza penye mwanga hafifu ili macho yasiumie ni mambo mema. Tabibu mkuu Abu Bakr Muhammad al-Razi wa mji wa Rayy, aliyekufa yapata mwaka 925, ndiye aliyeandika kitabu mashuhuri cha kupambanua ndui na surua, nacho kilifasiriwa kwa Kilatini kikasomwa Ulaya kwa karne nyingi. Katika kitabu hicho alitoa maelezo mahususi juu ya kuyalinda macho ya mgonjwa. Zaidi ya miaka elfu imepita, na macho yangali jambo kubwa katika surua, hasa kwetu Afrika.

Hapa sitapita haraka. Surua huimaliza mwilini akiba ya vitamini A, na vitamini hiyo ikikosekana kioo cha jicho hulainika, hupata kidonda, na mtoto aweza kuwa kipofu kwa muda wa siku chache. Uchunguzi uliofanywa Tanzania miaka ya 1980 juu ya watoto wenye vidonda vya macho ulionyesha kwamba baadhi yao hawakuharibiwa na surua peke yake, bali na dawa za kienyeji zilizotiwa machoni. Watu hutia maji ya majani, maziwa, hata mkojo. Usitie kitu chochote, ndugu msomaji, ila alichokupa mhudumu wa afya. Utando wa tongotongo uoshe kwa kitambaa safi na maji safi yaliyochemshwa yakapoa, kila jicho na kitambaa chake.

Dawa ya akiba hiyo iliyokwisha ni ndogo mno hata mtu aweza kuidharau. Ni matone ya vitamini A mdomoni, wala si sindano, jambo litakalomfurahisha bibi. Mtoto wa mwaka mmoja na kuendelea hupewa vipimo 200,000, wa miezi sita hadi kumi na moja 100,000, na aliye chini ya miezi sita 50,000. Kisha kiasi kile kile hurudiwa siku ya pili. Hutolewa na mhudumu wa afya, kwani ikizidi hudhuru. Katika hospitali ya Mvumi, Dodoma, watoto 180 wenye surua waligawanywa makundi mawili, na matokeo yakachapishwa mwaka 1987: kati ya 88 waliopewa vitamini hiyo walikufa 6, na kati ya 92 waliotibiwa kwa njia za kawaida bila ya hiyo walikufa 12. Watoto hao walikuwa wachache, lakini uchunguzi wa baadaye katika nchi nyingine ulielekeza huko huko.

Mkirudi nyumbani mpeni maji mara kwa mara, na uji, na chakula laini, hata kama kidogo kidogo. Wako wanaomnyima mtoto wa surua nyama na mayai, au kukataza asiogeshwe. Hayo hayana msingi, mwoge kwa maji ya uvuguvugu na mlisheni. Anayenyonya aendelee kunyonya. Kurani Tukufu imewawekea akina mama muda wa miaka miwili kamili ya kunyonyesha kwa anayetaka kutimiza, na siku za ugonjwa si siku za kuukatiza muda huo. Ikiwa ni mwezi wa Ramadhani na mama adhoofika, dini imempa ruhusa ya kutofunga. Asione haya kuitumia. Kwa homa mpeni parasetamoli kwa kipimo cha umri wake, lakini aspirini asipewe mtoto. Na msinunue dawa za kuua vijidudu dukani mkidhani zaua surua. Hiyo ni virusi, haziiwezi. Daktari huzitoa pale tu penye nimonia, au sikio litokalo usaha, au ugonjwa mwingine wa namna hiyo.

Rudini mbio, hata kama ni usiku wa manane, akianza kupumua haraka au kifua kubonyea anapovuta pumzi. Akishindwa kunywa au kunyonya. Akitapika kila kitu. Akipatwa na degedege. Akilegea hata haamki vizuri. Au jicho likifanya ukungu. Na vipele vikiisha usidhani yamekwisha. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2019 ulithibitisha kwamba surua huufuta sehemu ya ukumbusho wa kinga mwilini, hata magonjwa ambayo mtoto alikwisha yashinda aweza kushikwa nayo upya. Kwa miezi mingi huyo ni mtoto dhaifu. Mpeni papai, embe, mchicha, mayai, na maini yakipatikana.

Niseme neno kwa mzazi asomaye haya akiwa amekwisha mzika mtoto. Usikubali mtu akwambie kwamba ni adhabu kwa sababu ulibadili dini, au kwa sababu hukutimiza tambiko. Mtume (s.a.w.) alimzika mwanawe Ibrahim, mtoto mchanga aliyekuwa bado akinyonya. Alilia machozi mbele ya watu, na wala hakuona kwamba machozi yapingana na kuridhika na hukumu ya Mungu. Siku hiyo, mwaka 632, jua lilipatwa, watu wakaanza kusema kwamba limepatwa kwa kifo cha Ibrahim. Mtume yeyote wa uongo angeyapokea maneno hayo kwa furaha. Yeye, akiwa na msiba moyoni, alisimama akawakatalia, akawafundisha kwamba jua na mwezi ni ishara za Mungu na havipatwi kwa kufa wala kuzaliwa kwa mtu. Kama hakukubali jua lifungwe na kifo cha mwanawe, ni nani huyo mtaani aliyepata ujuzi wa kukwambia mwanao alikufa kwa dhambi gani?

Limebaki la chanjo. Wako wanaouliza kama kumchanja mtoto mzima si kumtangulia Mungu. Mtu huyo huyo huezeka nyumba yake wakati wa jua. Wazee wetu waliijua ndui. Sisi twaijua kwa makovu yaliyo nyusoni mwao tu. Mtu wa mwisho kuipata kwa njia ya kawaida alikuwa Ali Maow Maalin wa mji wa Merka, Somalia, mwezi wa Oktoba 1977, na mwaka 1980 ikatangazwa kwamba imekoma duniani, nayo ilikomeshwa kwa chanjo. Ya surua hutolewa Tanzania na Kenya mtoto akiwa na miezi 9, na mara ya pili akiwa na miezi 18. Mara ya kwanza huwakinga watoto walio wengi lakini si wote, ndiyo sababu ya kuwapo ya pili. Na hiyo ya pili ndiyo ambayo wazazi wengi huisahau, kwa kuwa mtoto amekwisha anza kutembea na mama hapeleki tena kliniki kila mwezi.

Basi ukiwa na mgonjwa mmoja nyumbani, zikusanye kadi za kliniki za watoto wengine wote, na za watoto wa jirani yule yule msomi kama atakubali, uende nazo siku hiyo hiyo. Mwonyeshe muuguzi. Asiyechanjwa akichanjwa ndani ya saa 72 tangu kukutana na mgonjwa aweza kuokoka, au kuugua kwa wepesi. Na kama saa hizo zimepita, muuguzi atakueleza la kufanya. Mafua madogo au homa ndogo si sababu ya kumrudisha mtoto bila chanjo. Na kama katika Jamaat yenu yuko mama asiye na nauli ya kufika huko, mjulishe mwenyekiti wenu kabla ya sala ya Adhuhuri, wala asingoje mchango wa Ijumaa.